Duniani Wawili Wawili: Kosa la Kuzipa Sauti Sinema Bubu za Mapenzi

Wiki chache zilizopita mpwa wangu alituma kipande cha video kwenye kundi letu la ukoo. Hakifiki hata dakika moja. Bwana mmoja mwenye suti safi amemaliza kusoma barua ya mkewe: mama kahama chumba, na harudi mpaka bwana aache pombe. Bwana anaitazama picha ya mkewe, kisha anaipa kamera mgongo, na mabega yake yanaanza kutikisika. Mtazamaji anaona mtu aliyevunjika moyo akilia kwa kwikwi. Halafu bwana anageuka, na kumbe mikononi ana chombo cha kuchanganyia vileo, anakitikisa kwa ustadi wa mtu aliyezoea kazi hiyo. Hiyo ni The Idle Class, filamu fupi ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921. Ila kipande nilichotumiwa kilikuwa kimetiwa rangi, na aliyekitengeneza alikuwa ameongeza sauti ya mwanamume analia. Chini yake watu walikuwa wameandika kwamba teknolojia imeifufua sinema ya mababu.

Nilikitazama mara mbili, na mara zote mbili nilihuzunika. Ile sauti ya kilio ilikuwa imesema uongo, na Chaplin hakusema uongo. Mabega yalitikisika tu. Kilio tulikijaza sisi watazamaji, kwa sababu tulitaka bwana yule awe na majuto, kama mkewe anavyotaka awe nayo. Kwa sekunde kadhaa tumekosea kama mama yule anavyokosea, na kwa sababu ileile: tumeona tulichokuwa tunakitamani. Ukiweka kilio cha kurekodi hapo, kosa si letu tena. Tumedanganywa na mtu mwingine, na kicheko kinachofuata ni cha aliyetegwa.

Hoja yangu ni hii. Katika vichekesho vifupi vya enzi ya sinema bubu, vile ambavyo mapenzi yanachipuka kwa sababu mtu amedhaniwa mwingine, ukimya si upungufu wa mashine uliokuwa ukisubiri karne moja kurekebishwa. Ndio nguzo iliyobeba paa. Ukiiondoa, hadithi inaanguka, na mtazamaji wa leo anabaki akishangaa jinsi watu wa zamani walivyoweza kuchekeshwa na ujinga wa mke asiyemjua mumewe. Nionavyo mimi, ndicho kinachotokea sasa kwenye simu zetu, na watu wanakiita ufufuo.

Chanzo cha wimbi hili kinaeleweka. Nchini Marekani kazi za zamani zinatoka kwenye hakimiliki mwaka hadi mwaka. Filamu za 1926 ambazo hakimiliki yake ilikuwa bado hai zilikuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Wakati huohuo zimekuja programu za akili mnemba zinazoweza kutia rangi, kulainisha mwendo, kubuni sauti za wahusika na kuzipachika midomoni mwao. Kazi iliyohitaji studio nzima sasa inafanywa na kijana mmoja chumbani kwake. Siwalaumu vijana hao. Wengi wanaipenda sinema, na wameona kwamba mtu anayepitisha video kwa kidole hasimami kwenye picha ya kijivu isiyosema kitu. Sehemu ya kazi yao naiunga mkono kabisa. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha chache kuliko 24 kwa sekunde, na ndiyo maana zikionyeshwa kwa mwendo wa kisasa watu wanatembea kwa kurukaruka kama wamekanyaga makaa. Kurudisha mwendo wa kweli, kufuta mikwaruzo, kuunganisha mkanda uliokatika, hayo ni matibabu. Kuongeza sauti ni jambo jingine kabisa, na ili tuone hivyo inabidi tuitazame hadithi yenyewe kwa karibu.

The Idle Class ni filamu ya mikanda miwili, kama nusu saa hivi. Jina lake linawataja matajiri wasio na kazi, na Chaplin mwenyewe anacheza watu wawili: bwana mlevi mwenye mali, na yule mzururaji wetu wa siku zote mwenye viatu vikubwa na fimbo. Treni inafika mji wa mapumziko. Matajiri wanashuka kutoka kwenye mabehewa, na mzururaji anatoka chini ya behewa na mfuko wake wa fimbo za gofu. Edna Purviance ni mke wa yule mlevi. Naye ameshuka hapo, na mumewe hakuja kumpokea. Amesahau, kama anavyosahau kuvaa suruali kabla ya kutoka chumbani. Baadaye mzururaji anamwona Edna akipita juu ya farasi, na palepale anaota ndoto mchana: farasi anakimbia ovyo, yeye anamwokoa bibi, wanaoana, wanapata mtoto. Ndoto inakatika. Jioni kuna dansi ya watu kuvaa mavazi ya kujigeuza. Mume anakwenda akiwa ndani ya deraya nzima ya chuma, na kile kidirisha cha usoni kinagoma kufunguka. Mzururaji, akiwakimbia askari kwa wizi ambao hakuufanya, anaingia ukumbini humohumo. Wote wanamwona ni mgeni aliyevaa kama fukara, na Edna anamwona ni mumewe, amekuja hatimaye, hajalewa, mpole, amevaa nguo za kuchekesha ili kuomba msamaha.

Sasa simama kwenye ile deraya, maana ndipo pana ushahidi wangu mkubwa. Mume yupo ukumbini. Anaona mkewe akimkumbatia mwanamume mwingine. Ana kinywa, ana pumzi, na ana kila sababu ya kupiga kelele. Katika filamu yenye sauti, angesema neno moja kutoka ndani ya kile chuma, hata jina la mkewe tu, na mchezo ungekwisha palepale, kwa kuwa hakuna mke asiyeijua sauti ya mumewe, hata ikipitia kwenye debe. Katika filamu bubu hana njia hiyo. Kidirisha kilichogoma kimemnyang'anya uso, na sinema yenyewe ilishamnyang'anya sauti kabla hajaingia. Kilichobaki ni mikono na miguu, na mikono ya mtu aliyevaa chuma inachojua ni kupiga. Kwa hiyo anapigana, na kila anavyopigana ndivyo anavyozidi kuonekana mgeni mkorofi badala ya mume. Deraya hiyo inamsaidia na mtengeneza filamu pia: Chaplin hawezi kuwa watu wawili kwenye picha moja bila kuhangaika na ufundi wa kamera, lakini ndani ya chuma anaweza kuingia mtu yeyote. Ukimya, hadithi na ufundi vimefungwa kwa fundo moja. Niambie utaingiza sauti wapi bila kulifungua.

Halafu tazama mavazi. Ukumbini kila mtu amejifanya asiye yeye, wafalme wa kukodi na mabibi wa enzi zilizopita. Mmoja tu amevaa nguo zake mwenyewe, na huyo ndiye anayesifiwa kwa kujigeuza vizuri. Mtu akiingia na viraka kwenye jumba la matajiri, matajiri hawawezi kufikiri kwamba viraka ni vya kweli. Ufukara, kwao, ni vazi la sherehe. Mwaka 1921 watu waliokaa kwenye viti vya bei rahisi waliielewa hoja hiyo bila kuandikiwa. Walielewa pia yule bwana na kokteli yake, kwa kuwa marufuku ya pombe ilikuwa imeanza kutumika Marekani nzima Januari 1920. Kilichokatazwa kwa fundi bomba kilikuwa mezani kwa tajiri. Mpe mzururaji sauti, umpe na lafudhi, na lafudhi itamtaja kabla hajafika katikati ya ukumbi. Chaplin alizaliwa London mwaka 1889 na alikulia katika umaskini wa huko. Alijua kuliko watu wengi jinsi matamshi ya mtu yanavyotangaza mtaa alikotoka. Mzururaji wake aliweza kupita kila mlango duniani kwa sababu hakuwa na matamshi.

Na Edna je? Wapo wanaomwona mhusika dhaifu kwa kuwa hajui nani ni nani. Mimi namwona ndiye mtu mwenye akili na moyo katika filamu nzima. Ametoka kwenye ndoa na mwanamume anayemsahau kituoni. Ameweka sharti. Anangoja dalili. Dalili inakuja ikiwa na uso uleule, na badala ya harufu ya pombe ina aibu na upole. Angeikataaje? Hajakosea kwa macho, maana nyuso ni zilezile. Duniani wawili wawili. Amekosea kwa matumaini, na kosa la matumaini linatuuma kwa sababu kila aliyewahi kusubiri mtu abadilike amewahi kulifanya. Mapenzi ya dakika chache kati yake na mzururaji ni ya kweli upande mmoja na ya kukosewa upande wa pili, na sisi tunaoona pande zote mbili hatujui tucheke au tumwonee huruma. Baada ya mzururaji kukifungua kile chuma kwa opena ya makopo na ukweli kutoka nje, anafukuzwa. Hapo filamu haijifanyi kwamba mapenzi yameshinda.

Mfano wa pili unaibana hoja zaidi, kwa sababu hauna mapacha wala deraya. Mwaka 1926 studio ya Hal Roach ilitoa Mighty Like a Moose, kichekesho cha Charley Chase kilichoongozwa na Leo McCarey, ambacho tangu 2007 kimo katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa nchini Marekani. Mume ana meno yaliyochomoza nje. Mke, anayechezwa na Vivien Oakland, ana pua kubwa kupita kiasi. Kila mmoja, kwa siri, anaamua kumshangaza mwenzake: mume anakwenda kwa daktari wa meno, mke anakwenda kwa mpasuaji wa pua. Wanapokutana baada ya hapo hawafahamiani. Wanavutiwa. Wanataniana, wanakwenda pamoja kwenye sherehe, polisi wanavamia, na kila mmoja anarudi nyumbani akiwa na hofu ya mtu aliyetoka nje ya ndoa. Hawakutoka. Kila mmoja alimpenda mwenzi wake mwenyewe kwa mara ya pili, na sasa anaona haya kwa hilo. Sijui kichekesho kingine cha mikanda miwili kilichosema mengi kiasi hicho juu ya ndoa ya muda mrefu: watu wawili waliokaa nyumba moja miaka hadi wameacha kutazamana, kila mmoja akiamini kwamba kasoro yake ndiyo anayoiona mwenzake, na kumbe wangetosheka kutazamana upya. Mume anapogundua kwanza, anaamua kupigana na yule mwanamume mwingine, yaani yeye mwenyewe, akitoka na kuingia mlangoni, mara na meno, mara bila meno, huku mkewe akiamini kuna watu wawili.

Jaribu kuiweka sauti hapo. Mke na mume wa miaka mingi wanasalimiana. Neno la kwanza tu, hata "habari", linamaliza filamu kabla haijaanza. Pua inaweza kupasuliwa na meno yakanyooshwa, lakini koo linabaki lilelile, na mke atalijua gizani. Filamu bubu ilikuwa na maneno, usisahau. Yaliandikwa kwenye vibao vilivyokatiza picha. Lakini vibao vinatoa maneno bila kutoa sauti. Mume na mgeni, tajiri na fukara, wote wanaongea kwa herufi za umbo moja. Kibao hakina lafudhi wala mkwaruzo wa koo. Hicho ndicho kilichowezesha mke wa pua mpya na mume wa meno mapya kuzungumza jioni nzima bila kugunduana, na sisi tukakubali bila kuona tumedharauliwa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka jukwaani, nami naiheshimu. Mtu kudhaniwa mwingine ni kisa cha zamani mno kuliko kamera. Plautus wa Roma aliandika juu ya mapacha waliochanganywa, Shakespeare akachukua kisa hicho na kukizidisha, na wahusika wao wanaongea kutoka mwanzo hadi mwisho. Sisi wenyewe tuna mfano karibu: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969. Portia anavaa mavazi ya mwanasheria, anasimama mahakamani na kuzungumza kwa kirefu, na Bassanio, mumewe, yupo pale pale anamsikiliza na hamjui. Tena anamvulia pete. Kama sauti haikumzuia Shakespeare, kwa nini imzuie Chaplin? Jibu langu ni kwamba jukwaa na kamera vina mapatano tofauti na mtazamaji. Jukwaani tunakubaliana tangu mlango wa ukumbi kwamba kitambaa kilichochorwa ni Venisi na kwamba kijana wa kiume ni Portia, kama ilivyokuwa enzi za Shakespeare. Tukishakubali makubwa hayo, kukubali kwamba mume hajui sauti ya mkewe ni nyongeza ndogo. Kamera haiombi makubaliano hayo. Inatuletea uso wa kweli, mtaa wa kweli na treni ya kweli, na kadiri inavyotukaribisha kwenye uhalisi ndivyo tunavyodai uhalisi mwingine. Filamu bubu ilipata uhuru wa jukwaa ndani ya picha ya kamera kwa kuacha kitu kimoja tu, nacho ni sauti. Rudisha sauti, na uhuru huo unaondoka nayo.

Wengine husema kwamba filamu bubu hazikuwahi kuwa kimya. Wana haki. Palikuwa na mpiga piano, kwenye kumbi kubwa palikuwa na okestra, na Japani palikuwa na msimulizi, benshi, aliyesimama kando ya pazia akieleza kisa na kuwasemea wahusika. Wapo waliokuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Afrika Mashariki hatuna sababu ya kushangaa. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kazi ya mtu anayesimulia filamu ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiswahili, anayewapa wahusika majina ya mtaani, anayemwonya adui kabla hajaonywa. Lakini angalia kwa makini mambo mawili. Msimulizi anaongea nasi. Hakai ndani ya hadithi, na wahusika hawamsikii. La pili ndilo linalonifurahisha zaidi: anawasemea wote kwa koo moja. Akimsemea mume na mzururaji, wote wawili wana sauti yake. Akimsemea mke mwenye pua na mrembo asiye na pua, ni yeye yule. Kwa hiyo fundo halifunguki. Msimulizi wa kibanda, bila kusomea nadharia yoyote, yuko karibu na ile filamu ya 1921 kuliko programu inayobuni sauti mbili tofauti na kuzibandika kwenye midomo miwili.

Chaplin mwenyewe anatajwa mara nyingi kama shahidi wa upande wa pili. Mwaka 1942 aliitoa upya The Gold Rush, filamu yake ndefu ya 1925, akaondoa vibao na kuweka maelezo yake ya mdomo. Ni kweli. Ila msikilize anavyofanya: anasimulia yeye, kwa sauti yake moja, na anawasemea watu wake kama babu anavyosimulia hadithi jioni. Alichagua njia ya benshi. Na alipotengeneza kweli filamu ya kuongea juu ya watu wawili wanaofanana, The Great Dictator ya 1940, alionyesha anajua kabisa sauti inafanya nini. Kinyozi Myahudi anadhaniwa dikteta, askari wanampigia saluti, macho yao hayaoni kosa. Kisha anapandishwa jukwaani na kufungua kinywa. Hawezi tena kuwa yule mwingine, kwa kuwa maneno yake ni yake. Na Hannah, mwanamke anayempenda, akiwa mbali uhamishoni, anaisikia ile sauti ikimwita na kuinua uso. Jeshi zima lilishindwa kwa macho. Yeye amejua kwa sikio. Aliyeandika mwisho huo hakuwa mtu aliyeona sauti ni pambo unaloweza kumwagia filamu yoyote.

Ongeza na City Lights, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 30 Januari 1931, wakati filamu za kuongea zilikuwa zimeshashika soko na watu wakimwona Chaplin amechelewa. Muuza maua kipofu anasikia mlango wa gari la kifahari ukifungwa na kudhani kwamba mzururaji aliyeshuka ndiye mwenye gari. Yeye anausikia mlango. Sisi tunauona tu. Kosa lote la mapenzi yao limezaliwa na mlio mmoja, na Chaplin aliirudia sehemu hiyo mara mia kadhaa kabla hajaridhika jinsi ya kutueleza mlio kwa picha. Mtu atakayepachika mlio wa mlango hapo atadhani amesaidia.

Imebaki hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosemwa zaidi: kwamba watu wa wakati ule walikuwa wepesi wa kudanganyika, hawakuijua sinema, ndiyo maana kisa cha mke asiyemjua mumewe kiliwatosha, sisi tumeerevuka, tunahitaji zaidi. Haina msingi. Georges Méliès, mtengeneza filamu wa Ufaransa, alikuwa akizidisha vichwa vyake mwenyewe kwa hila za kamera mbele ya watazamaji tangu 1898. Mwaka uleule wa The Idle Class, mchekeshaji mwenzake Buster Keaton alitoa The Playhouse, akajaza jukwaa nakala za yeye mwenyewe, akicheza okestra na watazamaji wake. Mwaka huohuo pia alitoa The Goat, ambamo anachungulia kati ya nondo za dirisha la jela wakati mpiga picha analenga muuaji; muuaji anainama, picha inatoka na uso wa Keaton, na mji mzima unamsaka kwa ushahidi wa kamera, hadi anapoalikwa chakula na msichana ambaye baba yake ndiye mkuu wa polisi. Watazamaji waliochekea kisa hicho walikuwa wanacheka jinsi picha inavyoweza kusingizia. Sijui somo linalotufaa zaidi leo. Wao walijua kabisa kwamba Chaplin ni wale wawili. Raha yao ilikuwa kujua wakati Edna hajui.

Nami nina sababu nyingine ya kuikataa hoja hiyo. Maneno hayohayo waliwahi kusemewa babu zetu. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa majaribio wa filamu za mafunzo wenye makao Vugiri, Tanganyika, na katika fikra za wakoloni wa miaka hiyo ilikuwa kawaida kudhani kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu isipokuwa ya taratibu, nyepesi, iliyotafunwa kabla. Tukiwaambia vijana wetu leo kwamba hawawezi kutazama nusu saa ya picha kimya bila kutafuniwa kwa kilio cha kurekodi, tunawapima kwa mizani ileile. Mpwa wangu ana miaka 15. Nilimpelekea filamu nzima, isiyotiwa rangi, na piano tu. Alinipigia simu baadaye kuniuliza kama Edna alijua mwishoni kwamba mzururaji alimpenda. Sikuwa nimejiuliza.

Kwa wanaotaka kuzileta filamu hizi kwa Kiswahili, na ningependa sana ziletwe, njia ipo wala haihitaji programu ya kubuni sauti. Tafsiri vibao kwa Kiswahili chenye ladha, maana vingi vya Kiingereza vina utani unaopotea ukitafsiriwa kwa kamusi. Tafuta mpiga piano, au kinanda cha taarabu, au ngoma, mtu anayetazama na kupiga. Ukitaka maneno ya mdomo, mwite msimulizi wa kibanda, mmoja, mwenye koo lake moja, umwache amwite Edna jina analotaka. Wizara na vyuo vinavyofundisha filamu vingeweza kumlipa mtu huyo kwa kazi hiyo kuliko kununua leseni ya programu ya kupachika midomo. Msimulizi hodari ana kipaji ambacho mashine hizo hazina bado: anajua mahali pa kunyamaza. Bwana atakapoipa kamera mgongo na mabega yakaanza kutikisika, ataweka maikrofoni chini, na kibanda kizima kitasubiri ageuke.